Maskini Nani?

Jibu la kwanza lilinikuta juu ya mbuzi, nakuna nazi. Ilikuwa Ramadhani ya 2023, mwisho wa Machi, jua la Pemba limeanza kulegea na mama keshaniuliza mara mbili kama tui litawahi adhana. Simu nilikuwa nimeilaza kwenye mkeka. Ilipotoa mlio nikachungulia nikaona jina la chuo. Mikono imejaa machicha, nikaifungua kwa kifundo cha kidole.

Sikuhitaji kufika kwenye "tunasikitika kukujulisha". Mstari wa kwanza ulikuwa unanishukuru kwa kuvutiwa na chuo chao, na mtu anayekuja kukupa habari njema haanzi kwa kukushukuru. Nikaiweka simu chini nikaendelea kukuna. Nilikuna, nikakuna, mpaka nazi ikaanza kutoka na unga wa kahawia.

"We," mama akasema kutoka jikoni, "wakuna nazi au wakuna kifuu?"

Nilikuwa nimeomba kusoma masta ya sayansi ya bahari katika chuo kimoja cha Ulaya ya kaskazini. Chuo sitakitaja, si kwa sababu walinikosea, maana hawakunikosea kitu. Mimi ni mwalimu wa bayolojia katika skuli ya sekondari huku kaskazini mwa Pemba. Shahada ya kwanza niliipata kwa wastani wa 3.6, ambao kwa hesabu zetu za Tanzania ni daraja la pili la juu. Nilijiona natosha. Na nilikuwa nimeshawaambia watu, hilo ndilo kosa la kwanza ambalo nadhani kila mwenye kusoma hapa analijua.

Kisiwa hiki hakifichi kitu. Baada ya siku tatu muuza duka alinipa pole pamoja na chenji yangu. Wengine walinambia si riziki yako, Mungu hakuandika, huenda kuna kheri mbele. Shangazi alinikumbusha kuwa umri haungoji, na kwamba yuko kijana mmoja wa Chake ana duka la vipuri. Nami naamini riziki, sina ubishi na mtu hapo. Lakini nikiri: miezi ile neno riziki nililifanya shuka. Nilijifunika gubigubi nisije nikalazimika kutazama nilichokuwa nimekiandika. Kama Mungu hakuandika, basi makosa ya maandishi yangu hayakuwa na haja ya kusomwa.

Nilifanya jambo moja tu la maana. Niliwaandikia kuuliza nilikosea wapi. Waombaji wengi hawaulizi, wanaona haya, na vyuo vingi kweli havijibu. Hawa walijibu baada ya wiki tatu, mistari minne: waombaji ni wengi, hawatoi maelezo kwa mtu mmoja mmoja, ila wanamshauri mwombaji ye yote atakayerudi asome kwanza tafiti za walimu wa idara na aeleze swali analotaka kulichunguza. Nikaisoma nikasonya. Swali? Mimi niliwaandikia kurasa mbili nzima za maelezo, wanataka swali.

Faili lile sikulifungua tena kwa miezi saba.

*

Vuli ya 2023 ilikuja na mvua isiyo na adabu. Ndiyo ile ya El Niño, iliyofurika maji sehemu nyingi za Afrika Mashariki. Kwa mkulima wa mwani mvua ni hasara mara mbili: maji ya mvua huipunguza chumvi ya bahari pale kwenye kina kifupi na mwani haupendi, na mwani uliokwisha vunwa haukauki. Mwani mbichi kilo saba au nane hutoa kilo moja tu kavu, na hiyo kilo moja ikinyeshewa kwenye chanja inageuka rangi, mnunuzi anakunja uso, bei inashuka.

Jumamosi moja ya Oktoba tulikuwa chini ya mkungu, mimi na mama na shoga yake mmoja, tunafunga mbegu. Kazi yenyewe haina siri. Unakata kitawi cha mwani ukubwa wa ngumi, unakifunga kwa kikamba kidogo kwenye kamba ndefu, unaacha nafasi ya kama shibiri, unafunga kingine. Kamba ikijaa hupelekwa baharini ikafungwa kwenye vigingi viwili, na baada ya wiki sita hivi, Mungu akijaalia, kila ngumi imekuwa ndoo. Mama anafunga bila kutazama. Mimi hutazama na bado fundo hufunguka.

Simu yangu ilikuwa imejaa, nafuta picha za watu wa WhatsApp, ndipo faili likajitokeza. Mama akaona uso wangu.

"Nini?"

"Ile barua ya chuo."

"Kwani uliwaandikia nini hao watu?"

Hakuwahi kuniuliza. Hakuna aliyewahi kuniuliza, na mimi sikumsomea mtu hata mmoja kabla ya kuituma. Basi nikaanza kumtafsiria papo kwa papo. Sentensi ya kwanza ilisema tangu nikiwa mtoto mdogo nimekuwa na mapenzi makubwa na bahari.

"Muongo," mama akasema. "Ulikuwa ukiuogopa mwani. Ukisema nyoka."

Shoga yake akacheka mpaka kikamba kikamtoka mkononi. Nikaruka aya. Nikafika pale niliposema kwamba nimezaliwa katika familia maskini ya kisiwani, kwamba mama yangu ni mkulima wa mwani asiye na elimu, anayehangaika kutulea, na kwamba naomba nipewe nafasi hii adhimu ili niweze kuikomboa familia yangu na jamii yangu kwa jumla.

Mikono ya mama ilisimama. Nataka msomaji aelewe kuwa mikono ile haisimami. Nimeiona ikifunga mwani msibani.

"Maskini nani?"

Nikanyamaza.

"Nakuuliza. Maskini nani? Nyumba hii kaijenga nani? Mabati yale kayaezeka nani? Wewe chuo hicho cha mwanzo ulikwenda kwa mkopo peke yake? Nauli ya boti, magodoro, hiyo simu ya kwanza, si mwani huu? Mie niko ndani ya maji haya tangu weye hujazaliwa. Sasa wenda kuwaambia watu wa mbali kuwa mamako hajui kitu, aomba kukombolewa. Wao wajua mwani wafungwa vipi?"

Akarudi kwenye kamba yake. Baada ya kama mafundo kumi akaongeza, kwa sauti ya chini, si kwangu hasa: "Ningekuwa mimi ningekunyima vilevile."

*

Usiku ule niliichapisha barua, nikachukua kalamu nyekundu, nikaisahihisha kama ninavyosahihisha kazi za wanafunzi wangu wa Kidato cha Nne. Sikujihurumia. Neno la kuomba na ndugu zake nililikuta mara tisa. Mwani niliutaja mara mbili, na mara zote mbili ulikuwa umekaa karibu na neno maskini. Jina la mnyama au mmea wo wote wa baharini, ukiacha mwani: hakuna. Kwa barua ya mtu anayetaka kusoma sayansi ya bahari.

Nimefikiri sana ilitoka wapi barua ile, na sidhani kuwa ni uvivu. Ilitoka kwenye lugha. Sisi tunaomba kazi, tunaomba chuo, tunaomba radhi, tunaomba dua, tunaomba chumvi kwa jirani, kitenzi ni kimoja. Anayetaka kusoma masta na anayekaa mlango wa msikiti Ijumaa wote huitwa waombaji. Skuli tulifundishwa barua rasmi na tukapewa alama kwayo: husika na kichwa cha habari hapo juu, mimi ni kijana Mtanzania mwenye umri wa miaka kadhaa, kwa heshima na taadhima naomba, ni matumaini yangu kuwa ombi langu litapokelewa. Ni barua nzuri. Inamtuliza mkubwa wa ofisi, inaonyesha una malezi. Mimi nilichofanya ni kuichukua ile barua nzima, na kuinama kwake, nikaitia Kiingereza. Nilikwenda kwa wanasayansi nikiwa nimekunja mikono kifuani.

Msomaji wa upande wa pili hakuwa na haja na unyonge wangu. Ana rundo la barua mbele yake na kila moja ina familia inayotaka kukombolewa. Anachotafuta ni kitu kingine kabisa: huyu anataka kujua nini, kajuaje kuwa hicho hakijulikani, na kwa nini aje kukitafuta hapa kwetu na si kwengine. Kwenye kurasa zangu mbili hakuna hata moja ya hayo matatu. Ile mistari minne niliyoisonya ilikuwa imenambia hivyo hivyo.

Barua za wadhamini nazo zilikuwa na hadithi yake. Mhadhiri mmoja wa chuo nilichosoma nilimpigia simu, akanikumbuka kwa shida, akasema, "Andika mwenyewe halafu nitumie nisaini." Jambo hili limeenea sana kwetu na sisemi kwa kumlaumu, ana wanafunzi mia kadhaa. Nikaandika. Wa pili akasema vilevile, nikaandika na yake. Kwa hiyo chuo kilipokea barua tatu kutoka kwa watu watatu, zote kwa mkono mmoja, zote zikisema kuwa mimi ni mchapakazi, mwadilifu na mwenye nidhamu. Sifa nzuri sana kwa anayetaka kuposa.

Na ule wastani. Fomu ilikuwa na kisanduku, nikajaza 3.6, basi. Sikusema ni 3.6 kati ya 5. Ziko nchi hesabu yao inaishia 4, na mtu aliyezoea hiyo akiona 3.6 anadhani kakutana na kichwa kikali, kisha anafungua cheti anakuta kiwango cha 5. Sijui walifikiri nini. Kama ningekuwa mimi msahihishaji, ningefikiri mwanafunzi huyu anataka kunipitia kona.

*

Kilichofuata sikukipanga, na nasema hivi kwa sababu nimeshasoma makala nyingi za watu waliorudi kuomba na kufanikiwa, zote zina mpango. Mimi nilikuwa na hasira ya kuambiwa ningenyimwa na mama yangu mwenyewe.

Januari 2024 niliazima kipimajoto cha maabara ya skuli, kile cha kioo chenye uzi mwekundu ndani, nikakifunga kwa kamba shingoni nikateremka na mama pwani. Ilikuwa kaskazi, miezi ya joto. Bamvua kwetu, maji makubwa ya mwezi mwandamo na mwezi mpevu, huwa na tabia moja mbaya kwa mwani: maji yanapokupwa kabisa huwa saa nne, saa tano za asubuhi. Yaani maji yanakuwa haba wakati jua limeshapanda. Mkulima anafurahi kwa kuwa anaweza kufika kwenye kamba zake. Mwani wenyewe unachemka.

Mama aliingia maji mpaka magotini, akasimama kidogo.

"Leo yamepita kiasi," akasema.

"Kiasi gani?"

"Yamepita."

Nikachutama nikakitia kipimajoto, nikangoja. 34. Tukasogea mpaka karibu na mkondo, ule mfereji ambapo maji hupita hata yakikupwa. Mama akatia mguu. "Hapa afadhali." 31. Tukarudi kwenye tambarare, upande ambao kamba zake nyingi ndiko ziliko kwa kuwa ni karibu na nyumbani. "Hapa papo papo, au pamezidi kidogo." 34 na nusu, kwa jicho langu. Nilimtazama miguu yake. Nilikuwa nimeandika kwamba huyu hana elimu.

Na alikuwa na zaidi. Alikuwa anajua kuwa mwani wa kotonii, ule mnene wenye bei, ndio wa kwanza kuugua, na spinosumu huvumilia. Hilo limeandikwa: kilimo hiki kilianza Unguja upande wa mashariki, Paje na Jambiani, mwaka 1989, kwa mbegu zilizotoka Ufilipino, na kotonii imekuwa ikifa pwani nyingi za Unguja kwa joto na maradhi mpaka wengi wakabaki na spinosumu tu, ambayo bei yake ni ndogo. Pemba bado tunaihangaikia kotonii. Mama alijua kuwa ncha hugeuka nyeupe kwanza, kisha mwani hulainika, kisha hukatika na kwenda na maji. Watafiti wanaita maradhi hayo ais-ais, kwa vile mwani hufanana na barafu. Mama anayaita weupe. Lakini alinambia pia jambo ambalo sikulikuta mahali: kwamba weupe hauupati mwani siku ya joto. Huupata bamvua inayofuata, hasa kama katikati ilinyesha. "Siku yenyewe wauona mzima. Unakufa nyuma yako."

Hapo ndipo nilipopata swali. Sikulipata maktaba.

Tulitenga kamba sita, mbegu moja, zimefungwa siku moja, tatu tambarare na tatu karibu na mkondo. Kila bamvua tunapima joto, tunahesabu vitawi vilivyopata weupe, tunapima uzito kwa mizani ya kuning'iniza tuliyoazima kwa muuza samaki. Siku za skuli nilikuwa siwezi kwenda, mama alikwenda na kipimajoto peke yake. Kizungu hakisomi, lakini namba ukimdanganya kwenye mizani ya mwani atakuonyesha. Daftari lilikuwa la mstari mkubwa, la watoto wa darasa la pili, kwa kuwa ndilo lililokuwepo dukani, na kurasa zake hadi leo zinanuka chumvi. Mpaka mwezi wa Aprili tulikuwa na vipimo 38.

Mwaka ule haukuwa wetu peke yetu, hilo nililijua baadaye. Miezi ile ile ya mwanzo wa 2024 bahari za dunia zilikuwa na joto lisilowahi kupimwa, na Aprili ikatangazwa rasmi kuwa matumbawe yanapauka dunia nzima kwa mara ya nne katika kumbukumbu. Sisi tulikuwa tumesimama ndani ya habari hiyo mpaka magotini na daftari la darasa la pili.

Nilianza kusoma. Kusoma hasa, usiku, kwa bando la usiku. Kazi za Dkt. Flower Msuya, ambaye kwa miaka mingi amefanya utafiti wa mwani hapa hapa Zanzibar na amewajaribisha wakulima kulima kwenye maji ya kina kwa nyavu za mrija ili kuyakimbia maji ya moto ya pwani, nilikuwa nimezisikia kama jina tu. Barua ya kwanza haikumtaja. Nilikuwa nimeomba kwenda Ulaya kusoma mwani bila kujua nani kausoma mwani wa kwetu. Sijui niseme nini juu ya hilo, naona haya mpaka leo.

*

Kurudi kuomba kuna mambo yake ya kuchosha na nitayapita upesi. Mfumo wa chuo ulikuwa umenikumbuka, ukanifungulia fomu na majibu yangu yote ya zamani yamejaa tayari. Nikafuta kila kisanduku, hata lile jina la mtaa. Cheti changu cha IELTS, cha kupima Kiingereza, nilichokwenda kukifanyia mtihani Dar es Salaam kilikuwa kimeshakufa, maana hudumu miaka miwili tu, na ada yake hula vibaya mshahara wa mwalimu; nikapanda boti nikaufanya tena. Kwenye wastani nikaandika 3.6 kati ya 5 na chini yake nikaeleza daraja. Kuna swali lililouliza: umewahi kuomba hapa kabla? Nilikaa nalo siku mbili, nikihisi ni mtego. Si mtego. Nikatia alama ya ndiyo na kuandika sentensi mbili za nini kimebadilika.

Wenzangu wa barazani wanaotafuta skolashipu waliniuliza kwa nini nasumbuka na chuo kimoja. Tulikuwa watu wanne, kila mmoja na ugonjwa wake. Mmoja anaitaka Chevening ya Uingereza, ambayo inadai saa 2,800 za kazi baada ya shahada na kisha urudi nyumbani ukae miaka miwili. Kashakosa mara mbili na hawamzuii kuomba ya tatu. Mwengine aliikosa ya Ujerumani kwa sababu shahada yake ilikuwa imepitisha miaka sita. Sisi sote tuna tabia moja: tunarekebisha tarehe, tunabadilisha jina la chuo, tunatuma barua ile ile. Nilimwambia huyo wa Chevening anisomee insha yake. Alikataa. Baada ya mwezi alikuja nayo usiku, kaikunja mara nne kama talaka.

Wadhamini nilibadilisha. Mmoja nilimwendea mhadhiri aliyenisimamia utafiti wa mwaka wa tatu, nikampelekea daftari lenyewe kwa picha, kurasa zote, nikamwambia mwalimu, naomba usiandike chochote ambacho hukukiona humu. Alikaa kimya wiki nzima. Halafu akanipigia akauliza kwa nini sikupima chumvi. Sikuwa na chombo. "Andika hivyo," akasema, "andika kuwa hukuwa na chombo." Barua aliiandika mwenyewe. Sikuiona, na kutoiona kwenyewe kulinifurahisha. Mwengine ni ofisa mmoja wa wilaya anayeshughulika na wakulima wa mwani, ambaye alikuwa amezoea kutukuta pwani na mizani ya samaki.

Niliandika pia kwa mwalimu mmoja wa idara ile, mistari minane, swali langu moja na namba nne kutoka kwenye daftari. Alijibu siku ya pili akiuliza kasi ya maji kwenye mkondo. Sikuwa nayo vilevile.

Barua ya kujieleza ikaanza hivi, nikiirudisha kwa Kiswahili: "Kamba tatu za mama yangu zilizokuwa tambarare ziligeuka nyeupe siku kumi na nne baada ya siku ya joto kali, si siku yenyewe. Kamba tatu zilizokuwa mita mia mbili kutoka hapo, karibu na mkondo, hazikugeuka. Mama alinambia hivyo kabla sijapima." Kisha nikaeleza nilichopima, nisichoweza kupima, na kwa nini yule mwalimu na vyombo vyao vinaweza kulijibu swali ambalo mimi nimeliishia njiani. Aya ya mwisho ilisema nitarudi wapi na kufanya nini. Neno la kuomba halimo. Nililitafuta kwa makusudi kabla ya kutuma.

Kabla ya kutuma nilimsomea mama. Akasikiliza mpaka mwisho, akasema ni kamba mbili na nusu zilizogeuka, ile ya tatu nusu yake ilikuwa nzima. Nikasahihisha.

*

Jibu la pili lilikuja Aprili 2025, baada ya Idi. Nilikuwa darasani na chaki mkononi, namchorea mtoto kiini cha seli. Nililisoma wakati wa mapumziko nyuma ya choo cha walimu, mahali pekee penye mtandao. Wamenikubali. Ada wamenisamehe, ya kula na kulala nitafute mwenyewe, na kwa sasa karatasi zangu ziko Bodi ya Mikopo ya Elimu ya Juu Zanzibar zikingoja.

Kama ni barua iliyofanya, siwezi kuapa. Huenda mwaka ule waombaji walikuwa wachache, huenda yule mwalimu alikuwa anatafuta mtu wa kitropiki, huenda msomaji wa mara hii alikuwa kala vizuri. Watu wakiniuliza siri nawaambia hivyo na hawapendi.

Ruhusa ya masomo kwa mwajiri nayo ilibidi niiandike. Hiyo niliiandika vizuri sana: husika na kichwa cha habari hapo juu, kwa heshima na taadhima naomba. Kila barua na mlango wake.

Mama alipoambiwa alisema alhamdulillahi, akauliza baridi ya huko ikoje, kisha akauliza jambo ambalo nadhani alikuwa nalo siku nyingi: kipimajoto nitakiacha na nani? Nikamwambia nimeshanunua changu, cha skuli nimerudisha. Akasema hakuulizia hivyo.

Basi tumemfundisha mtoto wa kaka yangu, yuko darasa la sita. Bamvua iliyopita alikwenda na mama, mimi nikabaki nyuma nimeshika ndoo. Mtoto akachutama, akakitia kipimajoto majini, akahesabu sitini kwa sauti kama nilivyomwagiza, akakitoa.

"Thelathini na mbili," akasema.

Mama alikuwa amesimama kando yake, kanga imefungwa kiunoni, miguu ndani ya maji.

"Siyo," akasema. "Umekitoa juu ukakisoma kwenye upepo. Rudisha. Tazama kikiwa humo humo."

Mtoto akarudi akachutama.